Wa Sita wa Daktari

Kabla ya kuchagua jitu hata moja la mchezo wa simu, Daktari aliuliza swali lilelile: "Taja unachokiogopa."

Hakutaka kusikia unachokipenda. Ukianza kumsimulia habari za jitu zuri la moto ulilolilea mwezi mzima, alikukatiza kwa mkono kama anayefukuza nzi kwenye kidonda cha ng'ombe. "Sijauliza hiyo. Nimeuliza, ni nini kikisimama hapo mbele utataka kukimbia? Taja hizo kwanza. Halafu tutafute wa kuzizuia."

Nimemjua tangu nikivaa sare ya shule ya msingi, na hata kabla ya mchezo aliwauliza wenye ng'ombe hivyohivyo; katika miaka yote hiyo najua alasiri moja tu ambayo hakuuliza swali hilo. Kwa sababu ya alasiri hiyo, kwa wiki nyingi nilikaa nikimtazama kwa hofu akinywa chai.

Hakuwa daktari wa watu. Alikuwa afisa mifugo mstaafu, jirani yetu hapa Gatitu, nyumba ya tatu baada ya ua wa kayaba. Alipostaafu alianza kutembelea mazizi ya watu bila kuitwa, akiwaambia kwamba sakafu ina unyevu na ndama wamekonda. Mjukuu wake aliyekuja likizo akamwekea mchezo kwenye simu ili apunguze kusumbua watu. Mjukuu mwenyewe aliuchoka baada ya wiki mbili. Daktari hakuuchoka.

Mchezo ni rahisi kueleza. Kila mchezaji huleta majitu sita, na kila jitu lina asili yake: la moto huogopa la maji, la maji huogopa la umeme, la umeme hushindwa na la udongo. Wapinzani huonyeshana majitu yote sita. Kisha kila mmoja huchagua kwa siri manne yatakayopigana, na mwenzake hajui ni yapi. Hupigana moja dhidi ya moja. Unaweza kuliondoa lililo uwanjani na kuliingiza jingine, lakini linaloingia ndilo hupokea pigo lililokuwa njiani.

Nilirudi nyumbani na digrii ya takwimu na barua nyingi za maombi ya kazi, sina la kufanya ila kukata nepia, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe wa mama. Nilipomkuta Daktari kwenye baraza yake akibonyeza simu kwa kidole kimoja, miwani imeshuka puani, nilicheka. Akanikabidhi simu. Nilipoteza mapambano saa hiyo hiyo kwa kijana wa Murang'a aliyejiita Mfalme. Tangu hapo nikawa mwanafunzi wake, ingawa yeye angesema nilikuwa mpinzani wake. Aliniita Profesa, na hakuwa ananisifu.

"Profesa hamezi kitu bila kukitafuna mara mia," aliwaambia watu. "Hata uji."

Tulibishana zaidi kuhusu Njiru. Majitu yake yote aliyapa majina ya ng'ombe aliowahi kuwatibu, na Njiru alikuwa jitu jeusi la udongo, pana kama kabati, lenye pigo dhaifu kuliko yote. Nilimfanyia hesabu. Nilimwonyesha Daktari kwa jedwali kwamba mahali pa Njiru angeweza kuweka majitu kumi na mawili tofauti, yote yenye nguvu zaidi.

"Njiru anapiga kwa kiasi gani?" aliniuliza.

"Karibu sufuri."

"Nani alikuambia kazi yake ni kupiga? Njiru anaingia. Mwenzake akielemewa, Njiru anaingia, anapokea, yule mwingine anapumzika. Wewe umehesabu pembe tu. Hujahesabu mgongo."

"Lakini Daktari, huwezi kushinda kwa mgongo."

"Huwezi kushinda ukiwa umekufa pia."

Nilichukua mapambano yake mia moja na kuyachambua, nikitaka kumwaibisha. Jibu liliniaibisha mimi. Alikuwa akishinda kuliko nguvu za majitu yake zilivyoruhusu, na mara nyingi zaidi katika yale ambayo Njiru alipigwa hadi karibu kuzimia. Sikumwambia. Aliona usoni mwangu, akacheka peke yake, akaenda kunawa mikono. Alinawa mikono mara nyingi sana, mtu yule, kwa sabuni ya mche, hadi juu ya viwiko.

Timu, kwake, ilikuwa zizi. Alisema vijana hupanga timu kama gwaride, kila askari ana bunduki na hakuna anayejua kupika. Yeye alitaka kujua nani analala vizuri karibu na nani. Alikuwa na wa kufungua mlango, wa kutega miiba, wa kupokea, wa kumaliza, na mmoja wa akiba ambaye alimwita Ndune na kumpenda kuliko wote, kwa hiyo hakumtumia sana.

Na alikuwa na wa sita.

Wa sita alikuwa jitu kubwa la moto, mabawa, meno, mkia wa cheche, lile ambalo kila mchezaji wa mchezo ule huliota. Ni yeye peke yake ambaye hakuwa na jina la ng'ombe. Aliitwa Chifu. Nilipofungua takwimu zake nilishangaa: hakuwa amefundishwa hata pigo moja la maana. Mtoto angemwangusha.

"Kwa nini anaitwa Chifu?"

"Kwa sababu akitokea watu wote wanasimama, na hakuna kazi amefanya."

Chifu hakuingia uwanjani kamwe. Kazi yake ilikuwa kuonekana. Mpinzani alimwona kwenye orodha ya sita, akaogopa, akachagua manne ya kumzuia, na kumbe Daktari alikuwa amechagua manne mengine kabisa. "Wa sita si lazima awe mzuri," alisema. "Aogopwe tu, inatosha. Mtu akiogopa hawezi kuuliza maswali."

Nilipinga. Nilisema mtu akiogopa ndipo huuliza maswali mengi.

"Wewe bado hujaogopa," akasema.

Alikuwa na mambo yake yanayopingana, kama watu wote. Alikuwa mzee wa kanisa mwenye kuheshimiwa, lakini alikataa kuomba kabla ya mapambano, akisema Mungu hana timu. Alitibu ng'ombe wa tarafa nzima na hakunywa maziwa. Chai yake ilikuwa turungi, nyeusi, na tangawizi. "Nimeona viwele vingi mno," alieleza. Kwa watu hakuwa na subira hata kidogo. Aliwahi kumfokea mama yangu mbele ya wageni kwa kufunga kamba vibaya. Lakini kwenye simu alingoja zamu yake bila kupepesa, na Mfalme wa Murang'a alipomwandikia, "Mzee rudi kwa ng'ombe zako," alijibu polepole, herufi moja moja: "Nimetoka huko saa hii. Wanakusalimia."

Na aliogopa mbwa. Mtu aliyeingiza mkono ndani ya ng'ombe hadi begani alivuka barabara akiona mbwa mwembamba kando ya kinu cha posho. Nilimcheka mara moja, mara moja tu.

"Ng'ombe akikuumiza unajua siku hiyo hiyo," alisema. "Mbwa anaweza kukuumiza leo, ukapona kidonda, ukasahau, halafu ikufikie kama barua."

Akanisimulia juu ya mwenzake wa kazi, zamani, walipokuwa wote Kianyaga. Mbwa alimkwaruza, akafunga kitambaa, akaendelea na kazi. Baada ya miezi miwili alianza kulalamika kwamba hawezi kula. Daktari alikwenda kumwona na kumpelekea kikombe cha maji. "Alikuwa na kiu. Midomo imepasuka. Alikitazama kikombe kama nyoka. Alijaribu kukileta mdomoni na shingo yake ikakataa. Alilia, Profesa. Mwanamume mkubwa. Alilia kwa sababu ya maji."

Nilimuuliza maswali yangu ya kawaida: virusi husafiri vipi, kwa nini koo, asilimia ngapi. Alijibu machache. Moja alilijibu mara mbili: dalili zikishaanza, hakuna dawa.

Sasa alasiri yenyewe.

Ng'ombe wetu, Meri, alikuwa amesimama zizini tangu asubuhi, shingo mbele, mate yanamtoka kama kamba, akitoa sauti ya kukwaruza ambayo haikuwa yake. Hakula. Alisogeza pua kwenye maji na kuirudisha. Mama alikuwa amemwagia maganda na viazi vidogo jana yake, kwa hiyo alikuwa na jibu tayari. Kila mtu hapa kwetu angekuwa na jibu hilo. Ng'ombe humeza kiazi kizima, waru kama tunavyokiita, kinakwama kooni, mate yanajaa, na mtu mwenye mkono mwembamba anakitoa. Nimeona ikifanywa tangu utotoni.

"Kimbia uite Daktari," mama aliniambia. "Ati umwambie hii ng'ombe imekwama na waru."

Daktari alikuwa kwenye nusu fainali ya mashindano ya mtandaoni, yeye na Mfalme, kila mmoja ameshinda pambano moja, bado la tatu. Kati ya la pili na la tatu kulikuwa na mapumziko ya dakika kumi. Alikuja mbio na simu kwenye mfuko wa shati, skrini ikiwaka kupitia kitambaa.

"Imekuwa hivi tangu lini?"

"Asubuhi," mama akasema. "Ni waru, Daktari. Nilimpea jana."

"Shika kichwa."

Aliingiza mkono. Ulikuwa mnene, haukupita meno ya nyuma. Aliutoa, akautazama, akaitazama simu. "Dakika sita. Profesa, wako ni mwembamba. Nyoosha vidole, fuata ulimi, usiogope."

Niliingiza mkono wangu hadi kwenye kiwiko. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekata nepia, na nepia ina makali; mikono yangu ilikuwa na mistari myekundu kila mahali. Mate ya Meri yalikuwa ya moto. Nilipapasa koo lote. Hapakuwa na kiazi.

"Hakuna kitu," nikasema.

"Itakuwa imeshuka. Atatulia." Alikuwa ameshageuka. Alinawa haraka kwenye bomba letu, bila sabuni, mara ya kwanza kumwona akifanya hivyo, akaondoka. Baada ya robo saa tulisikia akipiga kelele kutoka barazani kwake. Alikuwa amemshinda Mfalme. Chifu alimtisha, Njiru alipokea, Ndune alimaliza. Nilifurahi. Naona aibu kusema jinsi nilivyofurahi.

Siku mbili baadaye Meri alianza kugonga ukuta wa zizi kwa kichwa. Siku ya tatu miguu ya nyuma ilikufa. Daktari alisimama nje ya zizi na hakuingia. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini sana, "kuna mbwa alipita hapa? Mwezi huu, mwezi uliopita?"

Mama alifikiri. "Kulikuwa na kale kambwa ka njano. Kaliingia kwa zizi nikakafukuza na fimbo ya jembe. Hata sikuona kama kameuma."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza!"

Ilikuwa kweli. Alifumba macho. Kisha alinishika mkono, akaniburuta hadi kwenye bomba, na kuniosha kwa sabuni ya mche kama mtoto, viganja, vidole, mistari ya nepia mmoja mmoja, robo saa nzima kwa saa yake, ingawa sote wawili tulijua siku tatu zilikuwa zimepita. Mama alisimama nyuma yetu akisema tulikunywa maziwa, tulikunywa maziwa. "Ulichemsha?" "Nilichemsha." "Basi nyamaza, mama. Hujambo." Mimi hakuniambia kwamba sijambo.

Nilibisha, bila shaka. Nilisema inaweza kuwa upungufu wa madini, inaweza kuwa sumu, ng'ombe mmoja si ushahidi. Nilisema yote hayo nikitazama mikono yangu. Meri alipokufa, watu wa mifugo walichukua kichwa chake kwenda kukipima. Daktari hakungoja jibu, na jibu lilipokuja lilikuwa lile alilolijua: kichaa cha mbwa.

Hospitalini tulimkuta nesi mwenye upole na habari mbaya. Sindano ya kuanzia ilikuwa imebaki moja. Nyingine zingeletwa, siku mbili, labda nne.

"Mko wawili?" aliuliza.

"Huyu ndiye," Daktari alisema, akinisukuma mbele. "Mimi nilichanjwa nikiwa kazini. Sisi wa mifugo tulichanjwa wote. Yangu ni ya kuongezea tu, inaweza kungoja."

Mimi, ninayemuuliza mhubiri amejuaje, ninayemuuliza mwenye duka mizani ilipimwa lini, sikuuliza kitu. Sikumuuliza mwaka gani. Sikumuuliza kadi iko wapi. Nilikunja mkono wa sweta na kumpa nesi bega langu.

Nilimaliza sindano zangu zote kwa tarehe zake. Swali lilikuja baadaye, nikiwa nakata nepia, nikiwa salama. Mtu aliyechanjwa hanawi mikono hivyo. Mtu aliyechanjwa havuki barabara kwa sababu ya mbwa.

Tangu siku hiyo nilianza kumpelekea turungi. Kila Jumamosi asubuhi nilijaza thamosi, nikakaa naye barazani, nikammiminia, na kumtazama. Tulizungumza juu ya timu. Nilimuuliza kuhusu miiba na akiba, na sikusikia nusu ya majibu, kwa sababu nilikuwa nikiangalia koo lake. Akichelewa kuinua kikombe, nilikisogeza karibu naye. Akikohoa, nilisimama. Jumamosi moja aliacha nusu kikombe, akasema ni ya moto, na usiku huo sikulala.

Jumamosi ya kumi mlima ulionekana wazi kutoka barazani, theluji yote nje. Alikuwa anapanga timu. Nilichungulia simu yake na kuona Njiru, Ndune na wengine, na mahali pa Chifu palikuwa na jitu dogo la maji ambalo sikulijua.

"Chifu yuko wapi?"

"Nimemstaafisha."

"Kwa nini?"

"Alinichosha."

Nilimimina chai. Mkono wangu ulimwaga kidogo kwenye meza. "Daktari," nikasema, "ile chanjo yako ya kazini."

Aliendelea kubonyeza simu kwa kidole kimoja. Kisha akaiweka chini, skrini ikitazama meza. Mapambano yalikuwa yameanza. Niliisikia saa ya mchezo ikihesabu, na hakuigusa simu.

"Ilikuwa Chifu," akasema.

Aliniambia yote bila kunitazama. Chanjo ilikuja ofisini mara moja, yeye akiwa likizo. Waliokuwepo wakachanjwa. Alirudi, hapakuwa na nyingine, na miaka ikapita. Sindano yake ya kwanza, baada ya ng'ombe wetu, aliipata Murang'a, siku nne nyuma yangu. Zote zilizofuata alizipata. Alisema pengine inatosha. Mara nyingi inatosha.

"Tungerusha shilingi," nikasema. Sauti yangu haikuwa nzuri. "Ungeniuliza. Nilikuwa na haki ya kuulizwa."

"Profesa, mikono yako ilikuwa imekatwakatwa mpaka kwenye kiwiko. Mimi nilikuwa na ufa mmoja wa kidole. Na ni mimi nilikuambia uingize." Alifuta ile chai iliyomwagika kwa kiganja. "Nilikuwa na dakika sita. Ningemuuliza mama yako swali moja, angetaja huyo mbwa. Nawauliza vijana wa simu, watu sijawahi kuwaona. Zizini sikuuliza."

Simu ilitoa mlio wa kushindwa. Mahali fulani Murang'a kijana alikuwa ameshinda bila kupigana.

"Niulize sasa," nikasema.

"Nini?"

"Unajua nini."

Alivua miwani. Macho yake bila miwani yalikuwa madogo na yamechoka. "Taja unachokiogopa," akasema.

"Hicho kikombe."

Alikitazama. Kilikuwa kimejaa hadi ukingoni, turungi nyeusi, mvuke umeshakwisha. Hakukigusa mara moja, na nilielewa kwamba Jumamosi zote kumi hofu pale barazani haikuwa yangu peke yangu. Kisha akakiinua kwa mikono miwili. Hakufumba macho. Nilihesabu: moja, mbili, tatu, koo likipanda na kushuka, nne, tano, sita, na hapo akasita, kisha saba.

Alikigeuza kikombe juu chini. Tone moja lilidondoka kwenye saruji.

"Jaza tena," akasema.